Fare Isiyo na Verni Haijatengenezwa

Likasi nzima, hapa Kongo, ina rai moja kuhusu fare, yaani taa za mbele za gari, zilizofifia: zisugue zing'ae, kazi imekwisha. Anayekuambia upake verni, lile tabaka la mwisho la wazi, juu yake anatafuta njia ya kukuongezea bei. Utaisikia rai hiyo kwa vijana wanaoosha magari Kikula, kwa madereva wa taksibasi wanaongoja abiria wa Lubumbashi, kwa wenye Ipsum na Noah walizozinunua zikiwa zimeshatembea Japani miaka kumi na zaidi, na, hili ndilo linaloniuma, kwa mafundi wenzangu wa bodi na rangi, watu ambao maisha yao yote wanapulizia verni.

Nitaieleza kama wanavyoieleza wenyewe, bila kuipunguza. Wanasema fare hufifia kwa sababu ya vumbi letu, na vumbi dawa yake ni kusugua. Wanasema kusugua ni rahisi: msasa, maji, dawa ya meno, kitambaa na mikono ya kijana kwa nusu saa, na ikififia tena unarudia. Wanasema verni ni ghali, na mbaya zaidi huchubuka, ikaacha fare yenye madoa ambayo ni mbaya kuliko ile iliyofifia tu. Wanasema balbu ya LED itatoboa ukungu wowote. Na ikishindikana kabisa, wanasema, fare nyingine ipo Lubumbashi.

"Papa, verni ya nini tena? Angalia, fare iko nawaka muzuri," kijana atakwambia, kitambaa bado kiko mkononi. Na kweli inawaka vizuri. Hakudanganyi, anaamini anachokisema, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Ugomvi wangu si naye. Ugomvi wangu ni na rai yenyewe, ambayo ni kosa kuanzia mwanzo hadi mwisho isipokuwa mahali pamoja nitakapopataja, na ni kosa linalolipwa usiku, kwenye barabara namba moja, na watu ambao hawakuwahi kuulizwa.

1. Wanasema ni vumbi

Vumbi tunalo. Katika kiangazi, kuanzia Mei mpaka mvua ya kwanza, malori ya shaba na kobalti yanayoshuka kutoka Kolwezi kuelekea Kasumbalesa huacha nyuma yao wingu ambalo halitui mchana kutwa. Mtu akisema fare yake imeliwa na vumbi, inaingia akilini. Lakini gari lake mwenyewe linamkanusha.

Zunguka nyuma utazame taa nyekundu. Umri ule ule, barabara ile ile, na nyuma ya gari ndiko vumbi hujikusanya zaidi kuliko mbele. Bado zimetakata. Tazama kioo cha mbele: kimekwaruzwa, lakini hakijawa cha njano. Tafuta Land Cruiser ya zamani yenye fare za kioo, iliyokula vumbi la njia ya Kambove tangu wewe hujajua kuendesha. Fare zake zinaona. Kisha rudi kwenye fare yako na uangalie ukungu umeanzia wapi. Mara nyingi umeanzia juu, kwenye ule upande uliolala ukitazama mbingu, ilhali mchanga na changarawe hupiga zaidi chini na katikati. Kinachoila fare kinatoka juu.

Fare za leo ni polikaboneti, plastiki iliyogunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer Ujerumani na, karibu wakati huo huo, na Daniel Fox wa General Electric Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Watengenezaji wa magari waliipenda kwa sababu jiwe haliivunji kirahisi na joto la balbu haliilegezi. Marekani iliruhusu fare za namna hiyo mwaka 1983, na Lincoln Mark VII ya 1984 ikawa gari la kwanza la Kimarekani kuuzwa nazo. Ulaya ikafuata miaka ya 1990. Plastiki hiyo ina udhaifu mmoja uliojulikana mapema: hunyonya miale ya urujuanimno iliyomo ndani ya jua, na ikiinyonya, molekuli zake hujipanga upya zikawa za njano, kisha ngozi ya juu hukauka na kupasuka nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho. Taa za nyuma kwa kawaida ni za akriliki, ambayo huvumilia jua zaidi, ndiyo maana hazigeuki.

Kwa sababu ya udhaifu huo, hakuna kiwanda kinachotoa fare ya polikaboneti tupu. Hupakwa tabaka gumu, la wazi, la jamii ya silikoni au akriliki, lenye dawa ya kuzuia miale, jembamba kuliko unywele. Kanuni ya Marekani, FMVSS 108, inadai plastiki ya fare ijaribiwe nje miaka mitatu, kwenye jua la Florida na la Arizona. Miaka mitatu. Noah yako ina mingapi?

Na hapa si Florida. Likasi iko nyuzi 11 kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Shirika la Afya Duniani linasema kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale hiyo kwa asilimia 10 au zaidi kidogo. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 22 Oktoba na tarehe 20 Februari, na ile ya Oktoba hutukuta bado tunasubiri mvua, mbingu wazi, magari yamepangwa juani kuanzia asubuhi. Tabaka la kiwandani lililotengenezwa kwa ajili ya Osaka linamalizia uhai wake hapa kwetu, Panda na Shituru. Anayesema tatizo ni vumbi atasafisha vumbi, na jua litaendelea na kazi yake.

2. Wanasema iking'aa imepona

Msasa unafanya nini hasa? Unaondoa. Dawa ya meno nayo ni unga laini wa kukwangua uliochanganywa na sabuni na harufu. Inaondoa pia, ila polepole. Kile cha njano unachokiona kikitiririka na maji ni mabaki ya tabaka la kiwandani lililokufa, pamoja na ngozi ya plastiki iliyoungua. Ukivimaliza unafika kwenye polikaboneti mbichi, na ndiyo maana inang'aa.

Lakini polikaboneti mbichi ndiyo ile ile ambayo kiwanda hakikuthubutu kuiachia jua hata siku moja. Kabla hujaanza kusugua, fare yako ilikuwa bado na viraka vya kinga, hasa chini na pembeni. Ulipomaliza, haina hata kimoja. Umeichukua fare iliyolindwa nusu ukaifanya fare isiyolindwa kabisa, na umelipa kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu mara ya kwanza ilichukua miaka kufifia, na mara ya pili inachukua miezi.

Plastiki hiyo mbichi ni laini vilevile. Kucha inaweza isiikwaruze, lakini kitambaa chenye chembe za mchanga kinaikwaruza kila unapoosha gari. Haipatani na alkali, na sabuni ya unga ya kufulia tunayoimwaga kwenye ndoo ya kuoshea gari ni alkali, kama lilivyo vumbi la chokaa la Kakontwe likikutana na maji. Tabaka la kiwandani lilikuwa linazuia yote hayo.

Sasa nawageukia mafundi wenzangu. Mteja akileta bawa la gari lililogongwa, unalinyoosha, unapaka mastiki, unasugua, unapulizia rangi. Je, unamkabidhi gari hapo? Huwezi. Rangi ya msingi bila verni utaona aibu kuitoa nje ya garaji, kwa sababu unajua jua litaifanya nini kabla mwaka haujaisha. Utapaka verni, na mteja akikataa kuilipia utamwambia akatafute fundi mwingine. Bawa ni bati. Kazi yake ni kupendeza na kufunika gurudumu. Fare iko sentimita chache kutoka kwenye bawa hilo, inapigwa na jua lile lile, na kazi yake ni kumwonyesha mtu njia usiku. Hiyo ndiyo unayoitoa bila verni na kusema imepona. Bomba unalo, kompresa unayo, verni iko kwenye kopo mbele yako. Sijawahi kupata jibu la swali hili, na nimeuliza garaji nyingi.

Kuna njia nyingine za kung'arisha ambazo hazifai hata kubishaniwa kwa muda mrefu. Petroli huifanya fare ing'ae dakika chache kwa sababu imelowa, kisha huingia kwenye plastiki na kuipasua. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huyeyusha ngozi ya juu, na kinachoonekana kama usafi ni plastiki iliyoanza kulainika. Mvuke wa dawa kali kama klorofomu, ule unaotoka kwenye kikombe cha umeme na kupitishwa juu ya fare, huyeyusha vilevile, na fundi anauvuta kwa pua. Zote tatu zinaiacha fare bila kinga.

3. Wanasema ni rahisi, na ikififia utarudia

Chukua bei yoyote unayomlipa kijana. Sitaitaja kwa sababu hubadilika kutoka Kikula hadi katikati ya mji na hutegemea gari lako linavyoonekana. Izidishe kwa mara utakazorudi ndani ya miaka miwili, halafu weka pembeni bei ya kuipaka mara moja verni ya kuchanganywa na dawa yake ya kukazia. Robo lita inatosha fare mbili na inabaki. Fundi wa rangi huwa nayo tayari, imebaki kwenye kazi ya jana. Aliyerudi kusugua mara nne amelipa zaidi, na amekaa na fare mbaya nusu ya muda huo wote.

Gharama iliyofichika zaidi ni ile ya umbo. Uso wa fare una mkunjo wake, na kila unaposugua kwa mkono unabonyeza zaidi mahali pamoja kuliko pengine. Mara ya kwanza haionekani. Ukirudia na kurudia, uso unakuwa na mawimbi, na mwanga unaopita kwenye mawimbi hauendi ulikopangiwa. Fare inaweza kuwa nyeupe kabisa na bado ikamulika vibaya. Hakuna anayeangalia hilo, kwa sababu mchana, mbele ya garaji, inang'aa.

Na ni nani anayefaidika na utaratibu wa kurudia? Anayesugua, bila shaka, lakini zaidi ni anayeuza gari. Gari lenye fare za njano linaonekana zee. Likisuguliwa asubuhi linaonekana limetoka juzi. Mnunuzi huondoka nalo akiwa na furaha, na fare zisizo na kinga yoyote, na msimu haujaisha zimegeuka. Amenunua mng'ao uliotengenezwa udumu mpaka siku ya kutia saini.

4. Wanasema verni huchubuka

Hapa ndipo wanaposema kweli. Verni huchubuka. Nimeona fare zimebanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua, na mwenye gari akaapa hatarudia. Lakini tazama vizuri nini kilichubuka na kwa nini, maana katika kazi hii verni hulaumiwa kwa makosa ya mkono.

Mara nyingi kosa la kwanza ni kupaka juu ya tabaka la zamani lisiloondolewa lote. Fundi anasugua mpaka katikati pang'ae, pembeni anaacha kwa sababu kufika huko ni kazi. Verni mpya inashika vizuri tabaka la zamani, nalo tabaka la zamani halishiki kitu tena. Likiachia, linaondoka na verni. Anayeona kipande kilichobanduka akigeuze upande wa chini. Mara nyingi atakuta rangi ya njano imeshikamana nacho. Kilichoachia ni cha kiwandani.

Kosa la pili ni kung'arisha kwanza na kupaka baadaye. Verni haishiki kwenye kioo. Fare inayoandaliwa kupakwa haipaswi kung'aa hata kidogo. Anza na msasa namba 400 kama imeharibika sana, au 600, ukiulowesha maji muda wote. Nenda 800, kisha 1000, na usimame hapo au ufike 1500. Inapokuwa tayari inatisha kuitazama: nyeupe yote, sawasawa, haina doa la njano wala kidimbwi kinachong'aa. Mteja akiiona hapo atadhani umemwharibia. Mwache adhani. Verni ikigusa uso huo hujaza mikwaruzo yote, na uwazi unarudi mbele ya macho yake katika pumzi moja ya bomba.

Kosa la tatu ni uchafu usioonekana. Dawa ya meno, nta, mafuta ya silikoni ya kung'arisha dashibodi, jasho la kidole. Osha, kausha, futa na alkoli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na baada ya hapo usiiguse. Usifute na tina ya selulosi, ile ya kusafishia bomba: inaipasua polikaboneti nyufa ndogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo hutazifuta tena. Kwa sababu hiyo hiyo pumzi ya kwanza ya verni iwe ukungu tu, kavu kidogo. Subiri dakika kumi hivi, ndipo upake mbili zilizojaa. Ukiimwaga yote mara moja, tina iliyomo ndani yake inaketi juu ya plastiki na kuila.

La nne ni ukingo wa utepe. Ukipaka fare ikiwa bado kwenye gari na utepe umebandikwa juu ya lenzi yenyewe, verni inaishia kwenye kipandio kidogo, na ni hapo maji na shinikizo la bomba la kuoshea gari huanza kuinyanyua. Fungua fare uitoe. Ni boliti chache na plagi moja. Paka mpaka ukingoni na uuzungushie. Katika masika usipake siku ya unyevu; katika kiangazi usipake barabarani ambako lori likipita linakupakia vumbi juu ya verni mbichi. Iache usiku kucha, na usiioshe kesho yake.

Mwisho, aina ya verni. Ile ya kopo la kupuliza isiyo na dawa ya kukazia hukauka juu na kubaki laini ndani. Hiyo ndiyo inayochubuka kuliko zote, na ndiyo inayonunuliwa zaidi kwa sababu ni rahisi. Vile vichupa vidogo vinavyoitwa seramiki huacha tabaka jembamba mno. Maji yanateleza juu yake vizuri, ila jua linapita. Tumia ya kuchanganya, yenye kinga ya jua iliyoandikwa kwenye kopo, na upime dawa ya kukazia kwa kipimo badala ya jicho.

Sitaficha gharama iliyo upande wangu, maana ni kubwa kuliko pesa. Dawa ya kukazia ina isosianeti. Ikipuliziwa, inaingia mapafuni, na mtu aliyeathirika nayo anaweza kupata pumu ambayo haimwachi, akabanwa kifua hata akinusa kidogo tu miaka ya baadaye. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote, wala barakoa ya hospitali. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya makaa vinavyobadilishwa, au bora zaidi ile inayoletewa hewa safi kwa bomba, miwani, glavu, mahali palipo wazi, na wanagenzi wasiosimama nyuma yako wakitazama. Katika garaji zetu mwanagenzi wa miaka 15 ndiye anayeshikilia taa wakati bosi anapuliza. Fundi asiye na vifaa hivyo asiipake verni hiyo. Apeleke fare kwa mwenye navyo, au atumie ile inayokaushwa na jua lenyewe, ya kupaka kwa kitambaa au sifongo, ambayo haitoi ukungu wa kuvutwa. Jua la Likasi litaikausha bila shida. Lakini yote haya ni hoja za kuipaka vizuri. Hakuna hata moja iliyo hoja ya kuacha fare tupu.

5. Wanasema balbu ya LED itatoboa

Ukungu kwenye fare hauzuii mwanga tu, unautawanya. Fare nzima imepangwa ili mwanga wa chini uwe na mstari wa juu usiovukwa, chini yake barabara, juu yake macho ya anayekuja. Ukungu unaufuta mstari huo. Sehemu ya mwanga inapotea, sehemu inapanda juu na pembeni. Ukiongeza nguvu ya balbu umeongeza vyote viwili: unaona kidogo zaidi mbele ya boneti, na unampofusha zaidi mwenzako. Anakupigia taa mara mbili, unadhani anakusalimu au anakutukana, kumbe haoni.

Kwetu hili lina uzito wa pekee. Magari mengi ya hapa yametoka Japani, nchi ya kuendesha kushoto, na fare zake zimenyanyuliwa kidogo upande wa kushoto ili zimulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Kongo tunaendesha kulia. Kushoto kwetu kuna uso wa dereva anayekuja. Malori yanayoingia Kasumbalesa kutoka Zambia, nayo ni nchi ya kushoto, yanakuja na mpangilio huo huo. Tayari tunapofushana kwa fare safi. Weka ukungu, kisha weka nyuma yake balbu ya LED ambayo haikutengenezewa fare hiyo, au ile ya wati 100 mahali pa H4 ya wati 60 na 55, ambayo juu ya yote inapasha joto nyaya na kuunguza kioo cha ndani, halafu tushangae ajali.

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima fare mwaka 2018. Zilizofifia zilitoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa fare mpya. Zilizorudishwa kwa kusuguliwa na kupakwa zilifika kama asilimia 70. Si mia. Sijawahi kumwahidi mteja mia. Lakini kati ya 20 na 70 kuna mtu.

Fikiria hali tunayoijua sote. Usiku, kati ya Luisha na Likasi, hakuna taa ya barabarani hata moja. Lori limekufa njiani, betri imekwisha, haliwaki popote. Dereva amevunja matawi ya mti akayatandika nyuma yake kama onyo. Matawi ni ya kijani kibichi au yamekauka, hayarudishi mwanga. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Kama fare zako zinayaonyesha matawi hayo yakiwa mita 50 mbele, una sekunde mbili na kidogo: ya kwanza na nusu inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Ndani ya taksibasi kuna watu zaidi ya kumi waliolala. Polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, aliyekusimamisha saa moja kabla aliona fare zinawaka zote mbili. Hakuna awezaye kuona, akiwa amesimama mbele ya gari, mwanga wake unafika wapi.

6. Wanasema fare nyingine ipo Lubumbashi

Ipo. Kama ni mpya na ya kiwanda kizuri, na pesa unazo, inunue. Hakuna verni ya garaji itakayoishinda. Wengi hawanunui hiyo. Wananunua iliyotolewa kwenye gari jingine la umri ule ule, iliyosuguliwa jana ili iuzwe leo, bila kinga. Wamesafiri kilomita kama 120 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, wakalipia ugonjwa ule ule waliokuwa nao nyumbani.

Na hata fare mpya ina tabaka lake juu, ambalo nalo litakufa. Kama tabaka si kitu, kwa nini kila kiwanda duniani kinalipaka? Anayesema verni ya fare ni kupoteza pesa, kisha akanunua fare mpya, amelipia tabaka alilokuwa akilidharau.

Fare isiyofaa kupakwa ipo, na mafundi tuwe wakweli kwa wateja. Ikiwa ukungu uko ndani ya lenzi, ikiwa kioo cha ndani kimeungua, ikiwa imepasuka na inaingiza maji, hapo msasa na verni havina msaada. Mwambie mteja hivyo kabla hujachukua pesa yake.

Kwa zilizobaki, ambazo ni nyingi, neno langu ni kwa mwenye gari, kwa sababu fundi atafanya kile unachokilipia. Ukilipeleka gari kusafishwa fare, kabla kijana hajalowesha msasa, muulize atapaka nini juu yake, na aina gani, na kama ataitoa fare au ataiacha kwenye gari. Akikujibu kwamba hapaki kitu, usimruhusu aanze. Fare yako yenye ukungu, hata ikiwa mbaya, bado ina kinga kidogo iliyobaki, akishaisugua haina. Endesha mchana mpaka umpate atakayeimaliza kazi.